Heshi: Alama inayotofautisha faili halisi ya programu na iliyochokorwa

FUNDI wa simu katika soko la Kikoneni, Kaunti ya Kwale, akiletewa rununu iliyokwama kabisa, mara nyingine hana budi kufuta kila kitu na kuitia mfumo endeshi upya. Faili ya mfumo huo yaweza kuzidi gigabaiti mbili. Kuipakua kwa data inayonunuliwa kidogo kidogo ni gharama ambayo huenda ada ya kazi yenyewe isiifidie. Njia nyepesi ni kuomba nakala kwa fundi mwenziwe wa Msambweni au Ukunda, ambaye naye aliipata kwa mwingine wa Mombasa, aliyeipakua kutoka tovuti asiyoikumbuka tena.

Nakala hiyo hufika ndani ya kadi ya kumbukumbu. Jina lake ni lile lile na ukubwa wake ni ule ule. Jioni hiyo hiyo mwenye simu ataingiza humo nambari yake ya siri ya M-Pesa. Ikiwa mtu fulani njiani alipachika ndani ya faili hiyo programu hasidi inayonakili kila kinachobonyezwa, hakuna atakayetambua kwa macho.

Wataalamu wa tarakilishi wana njia ya kuitambua faili kwa yaliyomo ndani yake, wala si kwa jina lake au kwa sifa za aliyeileta. Njia hiyo huitwa heshi. Ni tokeo la hesabu inayopitishwa juu ya kila baiti ya faili, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, na kutoa mfuatano mfupi wa tarakimu na herufi. Wengi huifananisha na alama ya kidole gumba kwenye kitambulisho cha taifa. Mfano huo unafaa, ila una kasoro itakayoonekana baadaye.

Uzani wa gunia

Mkulima aliyewahi kuuza korosho au bixa anajua kwamba mizani haisemi yote. Magunia mawili yaweza kulingana uzani ilhali moja limetiwa mchanga. Ukubwa wa faili ni kama uzani huo: ukitofautiana, kuna hitilafu, ukilingana, bado hakuna kilichothibitishwa.

Heshi hufanya kazi kwa kuangalia pia kila punje na mahali ilipo. Chukua jina Kikoneni. Ikiwa kila herufi itapewa nambari kwa kufuata nafasi yake katika abjadi ya Kilatini yenye herufi 26, a ikiwa 1, b ikiwa 2 na kuendelea, jumla ya herufi zake nane ni 88. Hesabu hii ni dhaifu, kwa kuwa mtu akikosea na kuandika Kikonine, jumla inabaki kuwa 88. Ikiboreshwa kwa kuizidisha kila nambari kwa nafasi ya herufi ndani ya neno, Kikoneni hutoa 392 na Kikonine hutoa 384. Kosa limefichuka. Lakini mlaghai mwenye kalamu na karatasi hatachukua muda kugundua kwamba Mhkoneni, neno lisilo na maana yoyote, nalo hutoa 392 kamili.

Heshi zinazotegemewa leo ni za ukoo wa hesabu hiyo, ila zimekorogwa kiasi kwamba hakuna ajuaye jinsi ya kurudi nyuma na kutunga data itakayotoa tokeo analolitaka. Iliyoenea zaidi ni SHA-256, mojawapo ya kanuni za jamii ya SHA-2 zilizochapishwa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kanuni hiyo huikata faili katika vipande vya baiti 64 na kukipitisha kila kipande katika duru 64 za kukoroga. Mwishowe hutoa alama 64, kila moja ikiwa tarakimu kati ya 0 na 9 au herufi kati ya a na f. Faili iwe barua ya mistari miwili au filamu nzima, alama ni 64 tu.

Idadi ya heshi zinazowezekana kwa kanuni hiyo ni nambari yenye tarakimu 78. Ndiyo sababu faili mbili tofauti kukutana kwa bahati tu ni jambo lisilotarajiwa kutokea maishani mwa mtu yeyote. Aidha, koma moja ikibadilishwa katika faili ya kurasa elfu, heshi mpya haifanani hata kidogo na ya awali. Haiwezekani kuitazama na kusema kwamba faili imebadilika kidogo au sana.

Kuna heshi moja ya SHA-256 ambayo fundi yeyote anafaa kuifahamu sura, kwa sababu hukutana nayo bila kutarajia. Huanza kwa e3b0c442 na kuishia kwa 7852b855. Hiyo ni heshi ya faili isiyo na chochote ndani. Anayeiona baada ya kupakua programu ajue kwamba mtandao ulikatika kabla ya baiti ya kwanza kufika, na alichopokea ni jina tupu.

Maktaba iliyojificha

Heshi ina manufaa makubwa zaidi pale ambapo programu moja imebeba nyingine ndani yake. Watunzi wa programu hawaandiki kila kitu wenyewe. Fundi cherehani hununua zipu na vifungo vilivyokwisha kutengenezwa. Vivyo hivyo mtunzi wa mfumo wa benki au wa hospitali huchukua vipande vilivyoandikwa na wengine kwa kazi maalumu, kama vile kusoma picha, kufinya faili au kuweka kumbukumbu za shughuli. Vipande hivyo huitwa maktaba za programu, na vikifungwa pamoja na maelezo yake kwa ajili ya kusambazwa huitwa vifurushi. Mfumo mmoja waweza kubeba mamia ya maktaba, nyingine zikiwa zimebebwa na maktaba nyingine, mpaka mwenye mfumo asijue alicho nacho.

Desemba 2021 ulimwengu ulilipia kutojua huko. Maktaba iitwayo Log4j, inayotunzwa na Wakfu wa Apache na kutumika katika programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java, iligunduliwa kuwa na dosari ya kutisha. Ilikuwa imeripotiwa kwa siri mwezi Novemba na mtaalamu wa kampuni ya Alibaba Cloud ya China. Kazi ya Log4j ni ya kawaida mno: huandika kumbukumbu za yanayotukia ndani ya mfumo. Lakini mtu wa mbali aliweza kutuma mstari mmoja tu wa maandishi, hata katika nafasi ya kujaza jina, nao ukiandikwa kwenye kumbukumbu ungeifanya seva ichukue amri kutoka kwake. Dosari hiyo ilisajiliwa kama CVE-2021-44228 na iligusa matoleo tangu 2.0-beta9 hadi 2.14.1.

Marekebisho yalipatikana upesi. Kigumu kilikuwa kujua maktaba hiyo imo wapi. Mabenki, serikali na vyuo duniani kote viliamka vikijiuliza ni seva zipi kati ya zao zilizobeba Log4j, na toleo gani. Kutafuta kwa jina hakukutosha. Mtunzi mmoja huenda aliiacha faili na jina lake kamili lenye nambari ya toleo, mwingine akaondoa nambari, mwingine akaipa jina la kampuni yake. Jina la faili ni kama kibao mlangoni. Mwenye nyumba hukibadilisha apendavyo.

Heshi haijali kibao. Faili ikipewa jina jipya, ikihamishwa folda au kunakiliwa kwenye kadi, heshi yake haibadiliki, maana jina si sehemu ya yaliyomo. Kwa hivyo katika siku chache wataalamu walichapisha orodha za heshi za kila toleo lenye dosari, na wasimamizi wa mifumo wakapekua seva zao, wakikokotoa heshi ya kila faili ya Java na kuilinganisha na orodha. Hilo liliwezekana kwa sababu Maven Central, hifadhi kuu ya maktaba za Java, huweka kando ya kila faili heshi yake, hivyo kipimo cha kulinganishia kilikuwepo kabla ya janga.

Hata hivyo, upekuzi huo ulikuwa na matundu. Watunzi wengi huzifungua maktaba na kuziunganisha zote katika faili moja kubwa. Faili ya Log4j huwa haipo tena kama ilivyotoka kiwandani, na heshi yake haionekani popote. Waliokuwa makini waliingia ndani zaidi na kutafuta heshi za faili ndogo ndogo zilizomo, hasa ile iitwayo JndiLookup.class, ambayo ndiyo iliyobeba kiini cha dosari. Nayo ikiwa imetafsiriwa upya kutoka msimbo chanzo kwa chombo tofauti, baiti hubadilika na alama hupotea tena.

Somo hilo limewapa nguvu wanaotaka programu itayarishwe kwa namna ambayo msimbo chanzo ule ule utatoa baiti zile zile, yeyote atakayeutafsiri na popote. Mradi wa Debian umekuwa ukilifanyia kazi jambo hilo tangu 2013. Nao Software Heritage, ulioanzishwa Ufaransa mwaka wa 2016 na taasisi ya Inria, hukusanya msimbo chanzo wa programu duniani na kuipa kila faili kitambulisho kinachotokana na heshi yake, ili hata tovuti ya asili ikifa, atakayeikuta faili hiyo miaka ijayo aweze kujua ni ipi. Utaratibu wa vitambulisho hivyo ulitambuliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka wa 2025.

Diski iliyojitolea ushahidi

Wasomaji waliotumia tarakilishi Afrika Mashariki kabla ya 2009, mwaka ambao nyaya za TEAMS na SEACOM zilianza kuleta intaneti Mombasa kupitia baharini, wanakumbuka jinsi ilivyokuwa vigumu kupakua programu kwa mawimbi ya setilaiti. Wakati huo kampuni ya Canonical ya Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, ilituma kwa posta diski za mfumo endeshi wa Ubuntu bila malipo kwa aliyeziomba, mpango uliofungwa mwaka wa 2011. Diski moja ingepita mikononi mwa watu wengi.

Diski hizo zilikuwa na faili iliyoorodhesha heshi za vyote vilivyomo, na mwenye kuitumia angeweza kuiamuru ijikague kabla ya kuanza. Ukaguzi huo ulifichua diski iliyokwaruzika. Haukuweza kufichua diski iliyochomwa upya na mlaghai, kwa kuwa aliyebadilisha faili angebadilisha na orodha pia. Mshtakiwa alikuwa shahidi wake mwenyewe.

Hili ndilo jambo linalosahauliwa zaidi kuhusu heshi. Alama 64 hazina thamani yoyote mpaka zilinganishwe na alama zilizofika kwa njia nyingine inayoaminika. Februari 2016 wadukuzi waliingia katika tovuti ya Linux Mint na kuwaelekeza wageni kwenye nakala ya toleo la 17.3 iliyotiwa mlango wa siri. Waliolinganisha heshi na zile halali waliinusuru mitambo yao. Lakini aliyeweza kubadilisha faili kwenye tovuti ana uwezo pia wa kubadilisha heshi iliyoandikwa kando yake kwenye ukurasa ule ule.

Dawa iliyopatikana ni kuitia heshi sahihi ya dijitali. Katika Debian, na katika Ubuntu ambayo ni mtoto wake, kila kifurushi kina heshi iliyoandikwa katika orodha ya vifurushi. Orodha yenyewe ina heshi iliyoandikwa katika faili ya toleo. Na faili hiyo ya toleo hutiwa sahihi kwa ufunguo wa siri wa mradi. Tangu Debian 4.0 ya Aprili 2007, chombo cha apt hukagua mnyororo huo wote kabla ya kusakinisha. Kwa utaratibu huu si lazima kuiamini seva iliyoleta kifurushi, iwe ya Nairobi au ya Ujerumani, wala kadi ya kumbukumbu iliyokibeba hadi Kikoneni. Kinachohitaji kuaminiwa ni ufunguo mmoja.

Git, chombo kilichobuniwa na Linus Torvalds mwaka wa 2005 na ambacho sasa kinatumiwa na watunzi wengi wa programu duniani, kimejengwa juu ya wazo hilo hilo. Kila hatua ya kazi hutambulishwa kwa heshi, na heshi hiyo hubeba ndani yake heshi ya hatua iliyotangulia, kiasi kwamba asiyekuwa mwaminifu hawezi kuchokora historia ya jana bila kubadilisha alama ya leo.

Heshi huzeeka

Kanuni za heshi hazidumu milele. MD5, iliyotungwa na Ron Rivest wa Marekani mwaka wa 1991 na yenye alama 32, ilitumika kila mahali kwa zaidi ya muongo mmoja. Mwaka wa 2004 mwanahisabati wa China, Wang Xiaoyun, na wenzake walionyesha data mbili tofauti zenye MD5 moja. Kufikia 2012 udhaifu huo ulikuwa umegeuzwa silaha: programu hasidi ya ujasusi iitwayo Flame iliutumia kughushi cheti cha Microsoft na kujifanya kifurushi halali cha marekebisho ya Windows.

Mrithi wake, SHA-1 yenye alama 40, alifuata njia hiyo. Februari 2017 watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam na kampuni ya Google walitangaza faili mbili za PDF zenye sura tofauti na heshi moja. NIST imeagiza SHA-1 iachwe kabisa ifikapo mwisho wa 2030.

Inafaa kutenganisha mambo mawili hapa, maana huchanganywa mara kwa mara. Kilichofanyika katika visa hivyo ni mtu kutunga faili mbili kwa pamoja ili zilingane. Kuchukua faili ya mtu mwingine iliyokwisha kuwepo na kutunga nyingine yenye MD5 hiyo hiyo ni kazi ngumu zaidi, ambayo hakuna aliyeionyesha hadharani. Kwa hivyo MD5 bado hufaa kugundua faili iliyoharibika njiani. Haifai pale ambapo anayetoa faili ndiye anayeshukiwa.

Yasiyosemwa na heshi

Machi 29, 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alitangaza kwamba maktaba ya kufinya faili iitwayo XZ Utils, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, ilikuwa na mlango wa siri. Alikuwa amestaajabia kuona kuingia kwenye mashine yake kukichukua nusu sekunde zaidi ya kawaida. Aliyeupachika alijiita Jia Tan, na kwa zaidi ya miaka miwili alijipendekeza kwa bidii ya kazi mpaka akakabidhiwa madaraka ya kutoa matoleo.

Waliopakua matoleo hayo na kukagua heshi waliziona zikilingana. Zililingana kwa sababu faili ilikuwa ndiyo hasa, iliyotoka kwa mwenye mamlaka ya kuitoa. Heshi ilithibitisha kwa uaminifu kamili kwamba sumu haikuchanganywa na kitu kingine njiani. Jambo ambalo lingezua maswali mapema ni kulinganisha kifurushi kilichotolewa na msimbo chanzo uliokuwa hadharani, kwani sehemu ya hila hiyo ilikuwa ndani ya kifurushi tu.

Hata hifadhidata kubwa za heshi hazitoi hukumu ya wema au ubaya. NIST hutunza mkusanyiko uitwao NSRL wa heshi za mamilioni ya faili za programu zinazojulikana, ambao wapelelezi huutumia kuondoa faili za kawaida wanapochunguza tarakilishi iliyonaswa, wabaki na chache za kutiliwa maanani. Humo zimo pia zana za wadukuzi. Faili kuwemo maana yake ni kwamba inajulikana, basi.

Kasoro ya ule mfano wa kidole gumba inafaa kutajwa hapa. Kidole cha mtu ni kile kile akinenepa au akikonda, akivaa kanzu au shati. Heshi haimfuati mtu. Humfuata na vazi lake, nywele zake na vumbi la viatuni. Mfano wa karibu ni Uchaguzi Mkuu wa Agosti 2022, ambapo tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka kwenye tovuti yake picha za Fomu 34A ili kila Mkenya azipakue, nchi ikiwa na vituo 46,229 vya kupigia kura. Watu wawili waliopakua picha ya kituo kimoja katika wadi ya Pongwe/Kikoneni, eneo bunge la Lunga Lunga, wangepata heshi moja. Lakini wakala aliyeipiga picha nakala yake ya fomu kwa rununu angepata heshi nyingine kabisa, hata kama kila tarakimu iliyoandikwa humo ni sawa. Tofauti hiyo isingekuwa dalili ya wizi. Ni picha mbili tu za kitu kimoja. Hata picha moja ikipitishwa katika WhatsApp hufinywa na kubadilika heshi.

Kile ambacho heshi ingeweza kusema, lau ingeandikwa siku ya kupakua na kukabidhiwa mtu wa tatu, ni kama picha iliyoletwa mbele ya jaji wiki mbili baadaye ni ile ile. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, haitaji kanuni fulani ya heshi, ila kifungu cha 78A kilichoongezwa mwaka wa 2014 huitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kidijitali, izingatie jinsi ushahidi huo ulivyotayarishwa, ulivyohifadhiwa na jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa. Heshi iliyochukuliwa mapema ni mojawapo ya majibu rahisi kwa swali hilo.

Kazi mezani pa fundi

Kukokotoa heshi hakuhitaji kununua chochote. Katika Windows, amri ya certutil -hashfile ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256 hutoa jibu. Katika Linux amri ni sha256sum, na katika tarakilishi za Apple ni shasum -a 256. Faili ya gigabaiti mbili huchukua muda wa kunywa kahawa kwenye mashine kuukuu, na sekunde chache kwenye mpya.

Kwa eneo kama Kikoneni faida iko katika udogo wa alama zenyewe. Ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160. Heshi ya SHA-256 ni 64. Fundi aliyepokea faili kwa kadi anaweza kumwomba mtu aliye na mtandao mzuri afungue ukurasa wa waliounda programu, aisome heshi iliyochapishwa huko na kuituma kwa ujumbe. Gigabaiti zimesafiri kwa matatu bila gharama ya data, na ushahidi umesafiri kwa njia nyingine.

Wengi hukagua alama nne za mwanzo na nne za mwisho kisha wakaridhika. Mazoea hayo ni ya hatari. Alama nane zina michanganyiko ipatayo bilioni 4.3, idadi ambayo tarakilishi ya kawaida yaweza kuijaribu kwa muda mfupi mpaka ipate faili mbaya inayofanana na nzuri kwenye ncha hizo. Alama zote 64 zapaswa kulinganishwa, na ni afadhali tarakilishi ilinganishe yenyewe kuliko jicho lililochoka.

Pale ambapo aliyeunda programu hakuchapisha heshi, huduma ya VirusTotal, iliyoanzia Hispania mwaka wa 2004 na kununuliwa na Google mwaka wa 2012, huruhusu mtu kuandika heshi na kuona kama faili hiyo imewahi kukaguliwa na programu za kupambana na virusi na zilisema nini. Hakuna haja ya kupakia faili nzima. Jibu kwamba heshi haijulikani lisichukuliwe kuwa habari njema. Faili iliyochokorwa jana haijulikani vilevile.

Kwa programu za simu za Android kuna kinga ya ziada. Kila programu hutiwa sahihi kwa ufunguo wa mtunzi, na simu huikumbuka sahihi hiyo. Programu ya benki ikifunguliwa na kuchokorwa, mlaghai hana ufunguo wa asili, hivyo hulazimika kutia sahihi kwa ufunguo wake. Simu iliyo na programu halisi itakataa kuipokea hiyo kama toleo jipya. Baadhi ya walaghai huikwepa kinga hiyo kwa kubadilisha jina la ndani la programu ili ikae kando ya halisi kama programu nyingine. Wengine humwelekeza mwenye simu aifute kwanza iliyopo, kisha aweke hiyo mpya. Fundi anayeambiwa na mteja kwamba alipokea maagizo ya aina hiyo pamoja na faili kupitia WhatsApp hahitaji hata kukokotoa heshi kabla ya kuiondoa.